Umri Ulioandikwa Mlangoni

Papa Anselme amekufa, na kwenye kilio chake nilichagua kiti cha plastiki karibu na mlango, kwa sababu mimi nikiingia penye watu wengi hukaa ninapoweza kutoka. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu: mwaminifu, mwenye msimamo, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo. Kwa kawaida marehemu akisifiwa hivyo mimi huwatazama wajane na kujiuliza wanameza nini. Kwa huyu sikuwa na la kubisha. Solange, tuliyekua naye, alikuja kukaa kando yangu, amenenepa, ana miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani, akaninong'oneza: "Nsimire, unakumbuka ile siku alikuacha uingie sinema? Miye mpaka leo sijaelewa." Nikamwambia sikumbuki. Nilimdanganya pale pale, hatua tatu kutoka kwenye jeneza la mtu asiyedanganya, kisha nikashindwa kula bugali walionipakulia. Basi niandike. Wote ambao habari hii ingeweza kuwaumiza wamekwisha kuumia.

Tulikaa Nyalukemba, mtaa wa kilimani juu ya ziwa, mwendo wa dakika kumi kutoka parokia yetu. Parokia ilikuwa na salle ya mikutano yenye madirisha marefu, na kila Jumamosi saa nane mchana madirisha yale yalifunikwa kwa vitambaa vya zambarau vya Kwaresima, jenereta ikawashwa nje, na ukuta mweupe ukawa sinema. Papa Anselme, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa sekretari wa parokia: aliandika vitabu vya batisimu, alitunza rafu ya vitabu vya kuazima, na siku za filamu alisimama mlangoni na ubao mdogo alioandikia kwa chaki umri wa kuingia. Hakuna serikali iliyomtuma. Alijituma mwenyewe, na alikuwa mkali kuliko aliyetumwa. Siku hizi binti yangu akitaka filamu, simu inamuuliza ana miaka mingapi, anabonyeza thelathini na mbili, nayo inamkaribisha bila hata kumwangalia usoni. Mimi simu hiyo siiamini. Mlango unaomwamini kila mtu si mlango.

Kwenye ile rafu kulikuwa na vitabu vya Kifaransa, msururu mmoja, vya msichana aliyetunza funguo za mji ambako giza la usiku hufungiwa ndani ya makabati ili watu wapate kulala. Sijui nani alivileta. Cha kwanza kilikuwa na jalada la njano, na ndani yake mbuzi aligombana na kengele ya kanisa mpaka nikacheka mbele ya Maman nikaulizwa ninacheka nini. Lakini kila kitabu kilichofuata giza lilizidi na majalada nayo yakaiva: rangi ya chungwa, nyekundu, zambarau. Katika cha tatu kuna maziko. Cha tano jalada lake lilikuwa jeusi tupu, na humo rafiki wa yule msichana anafungiwa kabatini na hatoki. Mimi na Solange tulivisoma vyote kwa zamu, mmoja akiwa jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo, mwingine kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anasoma kwa sauti. Hakuna aliyetuuliza umri. Papa Anselme aligonga mhuri tu, tarehe ya kurudisha, basi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini kitabu kiwe cha wote na filamu iwe na miaka, alifikiri kwanza, alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, akasema: "Mutoto akisoma, giza anajitengenezea mwenyewe, anaweka lile anaweza kubeba. Filamu inamuletea giza ya mutu mwingine, tena ya mutu mukubwa."

Mwaka ule zikaja filamu za vitabu vile vile, na kanuni yake ilikuwa hivi. Kila filamu aliitazama peke yake Alhamisi, daftari gotini, halafu Jumapili baada ya misa akatangaza: "Ule musichana akiwa na miaka kumi na moja, na weye ukuwe na kumi na moja. Akifika kumi na tano, na weye ukuwe umefika. Mutu asione giza kubwa kuliko miaka yake." Ni kanuni nzuri, hata leo naiona nzuri. Kule zilikotengenezwa, nadhani, filamu zile zilitoka moja moja, mwaka baada ya mwaka, na watoto wakakua pamoja nazo. Kwetu zilifika kwa diski kutoka Bujumbura, tano ndani ya mwaka mmoja wa shule. Kati ya Oktoba na Juni msichana wa funguo alikua miaka minne, sisi tukakua miezi minane. Papa Anselme hakuona kasoro yoyote katika hesabu hiyo. Filamu ya kwanza tuliijaza salle hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Ya pili mstari ukapungua. Ya tatu watoto waliobaki nje walilia kwa wivu, wameshika mikono ya wadogo zao waliokuwa wakilia kwa ajili yao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipita ya tatu kwa unywele.

Ya nne, ubao ukasema kumi na minne. Solange, aliyekuwa na kumi na mitano, akaingia huku akinipungia mkono kama anapanda ndege. Mimi nikabaki nje, mgongo ukutani, nikisikiliza jenereta na, nyuma yake, muziki wa kutisha. Alipotoka alinisimulia, na mimi niliyekisoma kitabu mara mbili nikajua kwamba anaongeza. Alisema yule msichana aliua mtu. Hakuua. Nilimwacha aseme, nikahesabu uongo wake mmoja mmoja kimoyomoyo. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo: mtu akisema neno, mimi natazama mikono yake. Na nilimshuku Papa Anselme zaidi. Niliamini anafurahia kutufukuza, kwamba mzee yule ana kitu dhidi yangu, maana kila nilipopita alinitazama kidogo zaidi ya wengine, halafu akaondoa macho.

Kabla ya filamu ya tano watoto walianza ujanja. Mmoja alikuja amevaa viatu vya mama yake, mwingine kapaka wanja. Papa Anselme akatangaza kwamba asiyejulikana umri alete karte ya batisimu, na asiye na karte asijisumbue kuteremka kilima. Wenzangu walikata tamaa. Mimi nilinunua wembe. Vijana wa shule yetu walikuwa wakikwangua bulletin zao za alama, sufuri inageuka sita, na mtu anapita darasa kwa ncha ya wembe. Nikajiambia tarakimu moja ya mwaka haiwezi kunishinda. Kilichobaki ni kuipata karte yenyewe. Nikamwendea Maman, aliyekuwa ameinama akipepeta maharagwe, nikasema shule inaiomba. "Iliunguaka wakati wa vita," akasema bila kuinua kichwa. Sawa. Siku mbili baadaye nikauliza tena, kwa kumpima tu, akasema panya waliila. Jumapili, mbele ya wageni, nikauliza mara ya tatu, na akacheka kicheko ambacho si chake: "Huyu mutoto! Si nilikuambia iko Nyangezi kwa tante yako?" Moto, panya, na shangazi wa Nyangezi. Uongo mmoja ningeumeza na maji. Nilianza kumwangalia Maman kama ninavyomwangalia mchuuzi anayeficha nyanya zilizooza chini ya zile nzuri.

Jumatano nikaenda mwenyewe ofisini kwa Papa Anselme kuomba nakala. Chumba kilinuka mishumaa na karatasi ya zamani. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani dhidi ya nzi. Nikatoa jina langu, jina la baba, jina la Maman, na mwaka niliozaliwa, ule walionifundisha nyumbani. Alivuta kitabu kikubwa, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. "Hauko humu," akasema. Akavuta kingine. Hamna. Akakaa kidogo, kana kwamba mtu amemwita kwa jina kutoka nje, kisha akasimama, akafungua kabati, akatoa cha tatu. Hicho hakutafuta sana. Kidole kilikwenda, kikasimama. Aliisoma ile mistari, akavua miwani, akakifunga kitabu taratibu na kuweka viganja vyote viwili juu yake.

"Maman yako anajua kama uko hapa?"

"Hapana, Papa."

"Basi rudia nyumbani. Umusalimie."

"Na karte?"

"Rudia nyumbani, mwanangu."

Papa Anselme hakuwahi kumwita mtoto yeyote mwanangu. Alituita kwa majina kamili, kama mahakamani. Nilipanda kilima nikiwaza mabaya yote yaliyowezekana: sikubatizwa; niliokotwa; mimi ni wa maadui fulani wa wakati wa vita, wataniondoa mtu akijua. Wembe ulikuwa bado mfukoni, umefungwa kwa karatasi, nikautupa kwenye mtaro wa maji. Sikujua tena ni kitu gani nilitaka kukwangua.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Papa Anselme alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikisafisha sambaza, vile visamaki vya ziwa vinavyoacha magamba hadi kwenye nyusi, na dirisha la salon lilikuwa na pazia tu. Maman alimkaribisha, akamletea chai, hakuigusa, ningesikia kijiko. Jirani zetu wote walimwita Maman kwa jina la mtoto wake wa kwanza, dada yangu, na mzee naye alimwita hivyo.

"Mama Béatrice," akasema, "miye siwezi kuandika uongo mu kitabu cha kanisa. Na siwezi kuutoa kwa mukono yangu."

"Nani alikuomba uandike? Unyamaze tu. Si umenyamaza miaka yote?"

"Nilinyamaza juu hakuna mutu aliuliza. Sasa mwenyewe ameuliza."

"Anauliza mambo ya sinema!"

"Anauliza miaka yake, Mama Béatrice."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, Maman akilia, si kwa sauti ya kilio bali kwa pua, kama mwenye mafua. "Uniachie," akasema. "Uniachie huyu mutoto." Papa Anselme akasema hatasema neno, si kazi yake kusema. Akaongeza: "Lakini musiniletee mlangoni mwangu." Niliendelea kusafisha samaki mpaka wakaisha, halafu nikawasafisha tena wale wale. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiomba aachiwe mimi, na mtu haombi kuachiwa kilicho chake.

Jumamosi nilienda. Kwa nini? Kwa sababu alisema wasimletee, na mimi nilitaka kuona atafanya nini nikijileta. Ubao ulisema kumi na mitano. Mstari ulikuwa mfupi, vijana wa ndevu za kwanza na wasichana wachache. Mbele yangu binti wa afisa mmoja mkubwa alitolewa kwenye mstari pamoja na viatu vyake vya kung'aa, dereva wa baba yake akabishana hadi akachoka, na Papa Anselme hakupandisha hata sauti. Ikafika zamu yangu. Sikuwa na karte, sikuwa na viatu vya mtu, nilikuwa na sare ya shule. Alinitazama, na safari hii hakuondoa macho.

"Nsimire."

"Papa."

"Ingia."

"Ee!" Solange akapiga kelele nyuma yangu. "Papa Anselme, huyu iko na kumi na mitatu! Kila mutu anajua!"

"Weye, uingie ama ubaki. Unazibia watu njia."

Nikaingia. Wengine walidhani nimehonga, na Solange kwa wiki nzima alinidadisi nilimpa nini. Lakini mimi nilimjua mzee yule kuliko walivyomjua, nilikuwa nimemchunguza mwaka mzima kwa jicho baya. Mtu asiyemwingiza binti wa mkubwa hawezi kuniingiza mimi kwa huruma. Kama ameniingiza, basi nimefika. Nilikaa gizani, kwenye benchi la nyuma, na picha zikapita ukutani: makabati, funguo, theluji. Yule rafiki alipofungiwa na mlango ukagongwa kutoka ndani, salle nzima ilipiga yowe, na Solange akanishika mkono kwa kucha. Mimi nilikuwa natoa miaka kumi na mitano kutoka kwenye mwaka ule, kwa vidole, na kurudia. Mambo mengi yalijipanga yenyewe. Urefu wangu darasani, nilivyowapita wote kwa kichwa. Damu iliyonijia mapema mno, na Maman akisema hapana, si mapema, huku akitazama kando.

Nyumbani, kwenye ukuta wa salon, kulikuwa na picha sita za darasa za Yaya Béatrice, yaani dada yangu mkubwa, moja kwa kila mwaka wa sekondari. Kila siku nilizipangusa vumbi. Katika kila picha mwanafunzi wa mstari wa mbele ameshika kibao chenye jina la darasa na mwaka, na mimi, mshuku wa kila kitu, sikuwahi kuisoma ile miaka. Siku hiyo nikaisoma. Ya kwanza, ya pili, halafu mwaka mmoja ukarukwa, halafu ya tatu. Niliujua mwaka ule kwa masimulizi: ndio mwaka Yaya aliougua mapafu, akapelekwa kupumzika Nyangezi kwa tante. Nikahesabu mara ya mwisho, sasa bila vidole. Maman aliingia, akaniona nimesimama mbele ya picha, akarudi jikoni bila kuniuliza ninatafuta nini. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ile yetu ilikuwa imetembea miaka kumi na mitano, na imebebwa na mwanamke aliyenifunga mgongoni, akanilisha, akanitandika nilipostahili. Nilimchukia jioni ile. Nakubali. Asubuhi nilikuta ameniwekea mandazi mawili chini ya sahani, kama kila Jumapili, nikayala nikiwa na chuki bado.

Yaya Béatrice alikuwa ameolewa, ana watoto wawili, anaishi upande wa pili wa mji. Nilimkuta uani, ameinama juu ya mbabula ya makaa, anakaanga sambaza. Mume wake alikuwa ndani anasikiliza mpira kwenye redio, na pazia la mlango lilikuwa limeshushwa. Yaya akanisogezea kigoda, akanipa samaki wa kuonja, akauliza habari za Maman. Nikamjibu mazuri. Halafu nikasema:

"Yaya, niko na miaka ngapi?"

Akageuza samaki. "Si unajua."

"Jana Papa Anselme aliniacha niingie filamu ya kumi na tano."

Kijiko kikasimama. Hakuna aliyekua mitaa ile asiyejua maana ya maneno hayo. Mafuta yaliendelea kuchemka, samaki wakaanza kuungua, na hakuna kati yetu aliyewaokoa.

"Yeye njo aliandika jina lako," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. "Maman alimuomba aandike jina lake yeye, pale banaandikaka mama. Alikataa. Aliandika langu."

Nilifikiri nitapiga kelele. Kilichonijia kwanza ni hasira, kisha aibu, kisha, Mungu anisamehe, njaa. Nikaokota samaki kutoka kwenye sahani nikamla na mifupa yake. Nikamuuliza kuhusu baba. Akatikisa kichwa. "Hiyo hapana. Hiyo utaijua ukiwa na miaka kumi na minane."

"Na weye unaandika mlangoni?"

"Eh. Na miye naandika."

Siku niliyotimiza kumi na minane niligonga mlango wake saa moja asubuhi, na alinieleza yote, tukiwa tumekaa kwenye gunia la makaa. Nilielewa kwa nini alingoja. Sitaiweka hapa.

Lakini siku ile ya samaki kulikuwa na swali moja nililoweza kuuliza, na nililiuliza kwa ukali, kama polisi, kwa sababu nilitaka aone vigumu.

"Weye ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tano."

Nikamtazama. Nilikuwa nimemtazama maisha yangu yote kama mtu mkubwa, mwenye funguo za nyumba na kitenge cha harusi. Nikatazama miguu yangu, soksi za shule zimeshuka.

"Kama mimi," nikasema.

"Kama weye. Hata kwenda soko peke yangu Maman alikuwa anakataa."

Ndani redio ikapiga kelele za bao, na shemeji akaita kwa furaha: "Béa! Uko na nani huko?"

"Ni mudogo wangu tu!" akajibu.

Alijibu haraka, kwa sauti ya kila siku, jinsi alivyojibu miaka yote, na akaniona nilivyolipokea jibu hilo. Nilisimama niende. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya mafuta, akanivuta nikaketi tena.

"Sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nikatazama pazia la mlango, naye akalitazama.

"Mama," nikasema.

Alifumba macho. Mkono wake haukuniachia.

"Tena," akasema. "Lakini sauti iwe ndogo."